Kijitabu cha tamathali za semi cha steshenari za Mwanjelwa: mizani safi, kejeli imevurugika

Ukizunguka steshenari za Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya, au zile za Miyomboni mjini Iringa, hukosi kukikuta: kijitabu chembamba cha nusu ya A4, jalada la manila la kijani, kurasa 56, kimebanwa pini mbili mgongoni. Bei ni shilingi 3,500, na anayetaka cha springi anaongeza 1,000. Jalada halina jina la mwandishi wala mwaka. Limeandikwa tu kwamba ndani yake mna istilahi za fasihi na tamathali za semi kwa Kidato cha Tatu hadi cha Sita. Wanafunzi wanakiita "kijani", na kwa wengi wao hicho ndicho kitabu pekee cha fasihi walichonacho nyumbani. Ndiyo maana kinastahili kupimwa kwa makini.

Tuseme mapema: kinunue. Kwa bei ile hakuna kitu kingine madukani kinachokaribia. Lakini theluthi moja hivi ya kurasa zake inahitaji kalamu nyekundu kabla hujaiamini, na sehemu zenye makosa ndizo zilezile zinazowasumbua watahiniwa kila mwaka.

Tuanze na sehemu ya ushairi, kurasa za 5 hadi 17, ambayo ni nzuri kweli. Aliyeiandika anaijua arudhi, yaani kanuni za utunzi wa mashairi. Anaeleza mshororo, ubeti, vina na mizani kwa mpangilio unaoeleweka, anatofautisha ukwapi na utao (kipande cha kwanza na cha pili cha mstari), na anaonyesha kwamba mstari wa mwisho ukijirudia kila ubeti ni kibwagizo, na usipojirudia ni kimalizio. Utenzi ameupa haki yake: mistari minne, kwa kawaida mizani minane kila mstari, vina vitatu vya kwanza vinafanana, na kina cha mstari wa nne kinatiririka toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kuna zoezi la kuhesabu mizani lenye majibu nyuma, jambo ambalo notisi nyingi za kopi hazina.

Kuhesabu mizani ndiko wengi wanakoangukia, na kijitabu kinatoa kanuni sahihi: kila silabi ni mizani moja, na silabi hufungwa na irabu, isipokuwa pale m au n inaposimama peke yake. Iringa ni mizani mitatu, Tukuyu mitatu, Makambako minne. Mbeya ni miwili, si mitatu, kwa sababu m imeshikana na b. Mkulima ni minne kwa sababu m yake ni kiambishi kinachosimama chenyewe. Nchi ni miwili, na njia rahisi ya kuthibitisha ni mkazo. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Tamka "nchi" au "mtu" taratibu utasikia mkazo umekaa juu ya n na juu ya m, na herufi isiyo silabi haiwezi kubeba mkazo.

Kitu kimoja hakimo, na tunashauri ukiandike pembeni mwa ukurasa wa 9. Neno moja linaweza kubadilika mizani kwa kufuata ngeli. Katika "mtu mbaya", neno mbaya ni m-ba-ya, mizani mitatu, maana m ni kiambishi cha ngeli ya mtu. Katika "nyumba mbaya" ni mba-ya, miwili, maana hapo m imeyeyuka ndani ya b. Mwanafunzi anayehesabu kwa macho bila kusikiliza atapata jibu moja kwa sentensi zote mbili, na shairi lake litapungua au kuzidi mizani bila yeye kujua kwa nini.

Mfano wa mistari ya mizani 16 uliomo kijitabuni ni ule wa kawaida kuhusu elimu. Tungependa wa huku kwetu, kama huu:

Ukungu umeshukia, Mbeya yote haioni,
Mlima umevalia, shuka jeupe shingoni.

Nane kwa nane. Kina cha kati ni a, cha mwisho ni ni. Mwanafunzi akiulizwa kina cha kati asiandike "ia", kwa sababu kina kinachodaiwa na arudhi ni silabi ya mwisho ya kipande, na silabi hiyo hapa ni a peke yake. Kufanana kwa "ki-a" na "li-a" ni ziada ya utamu tu.

Uhuru wa mshairi nao umeelezwa vizuri: inkisari ni kufupisha neno ili mizani itoshe, mazida ni kurefusha, tabdila ni kubadili sauti ili kina kipatikane bila mizani kuguswa. Kasoro ya sehemu hii ni nusu ukurasa tu kuhusu mashairi ya kisasa. Kimeandikwa kwamba shairi la kisasa "halina vina wala mizani", basi. Hilo halitoshi. Tangu ubishi wa wanamapokeo (wanaoshikilia vina na mizani) na wanausasa (wasiofungwa navyo) ulipopamba moto miaka ya 1970, mashairi huru yamekuwa sehemu kamili ya ushairi wetu, na yana ufundi wake: urefu wa mistari unaobanwa au kuachiwa makusudi, takriri (kurudiarudia maneno), taswira, mahali pa kuvunja mstari. Mwanafunzi anayejua tu kwamba shairi fulani "halina" kitu hana la kuandika kwenye karatasi ya majibu.

Sasa twende kwenye tamathali za semi, kurasa za 18 hadi 38. Hapa ubora unapanda na kushuka.

Tashbiha imeelezwa kuwa ni kulinganisha vitu kwa kutumia kama, mithili ya, mfano wa, sawa na, utadhani. Sawa. Tatizo ni sentensi inayofuata, inayosema kwamba "popote uonapo neno kama, hapo pana tashbiha". Si kweli, na kosa hili moja linaharibu majibu mengi. "Kama mvua ikinyesha, barabara ya Kitonga itateleza" ni sharti. "Gunia lile lina kama kilo mia" ni makadirio. "Mazao kama vile viazi, mahindi na maharage" ni kutaja mifano. Na hata pale palipo na ulinganisho wa kweli, "Neema ni mrefu kama dada yake" bado si tashbiha ya kifasihi, kwa sababu watu wawili wanapimwa urefu tu. Tashbiha inahitaji vitu vya jamii mbili tofauti vinavyokutanishwa kwenye sifa moja: "Alisimama kimya kama mnara wa simu". Kwa hiyo ukikuta kama, uliza maswali mawili. Kuna vitu viwili vinavyolinganishwa? Ni vya jamii tofauti? Jibu la hapana kwa lolote kati ya hayo, achana nalo.

Sitiari (kulinganisha moja kwa moja bila neno kama "kama") na tashihisi (kukipa kisicho mtu sifa ya mtu) zimepewa ukurasa mmoja mmoja, na mifano yake ni mizuri ikisomwa peke yake. Ila kijitabu hakisemi zinapogusana, na mtihani hupenda hapohapo. Angalia "bei ya mbolea imepaa". Wengi watasema tashihisi kwa kuwa kitu kisicho hai kimefanya kitendo. Lakini kupaa ni kazi ya ndege, si ya binadamu. Hiyo ni sitiari iliyojificha ndani ya kitenzi. Tashihisi inataka sifa ya kibinadamu: kunong'ona, kukaa kikao, kuona haya, kupiga hodi. "Upepo unavuma" si tamathali kabisa, ni habari ya kawaida. "Upepo ulipiga hodi dirishani" ni tashihisi. Kipimo chetu ni swali fupi: kitendo hiki, mbuzi au ndege anaweza kukifanya? Akiweza, fikiria upya kabla ya kuandika tashihisi.

Mwandishi angekuwa na mfano bora kuliko wote mlangoni pake. Juu ya mji wa Iringa kuna jiwe la Gangilonga, na jina hilo kwa Kihehe maana yake ni jiwe linalozungumza. Tashihisi imekaa ndani ya jina la mahali, na kila mtoto wa Iringa analijua. Badala yake tunapewa "Juma ni simba" kwa mara nyingine. Si kosa, lakini ni nafasi iliyopotea, maana mfano unaoujua tangu utotoni hausahauliki kwenye chumba cha mtihani.

Tafsida (kupunguza ukali wa maneno), mubalagha (kutia chumvi) na takriri ziko sawa, hazihitaji maneno mengi. Tabaini pia imeelezwa vizuri, kusisitiza kwa maneno yanayokinzana, "mtu si mtu, mzuka si mzuka". Taashira na sinekdoki zimetenganishwa kwa usahihi ambao hatukuutarajia. "Ikulu imesema" ni taashira, jina la mahali linamwakilisha aliyemo. "Ana vinywa saba vya kulisha" ni sinekdoki, sehemu ya mwili inasimama badala ya mtu mzima.

Tanakali sauti inahitaji marekebisho madogo. Kijitabu kimechanganya kwenye orodha moja "alitumbukia majini chubwi", "mlango ulijifunga pu", "nguo nyeupe pe" na "giza totoro". Mbili za kwanza zinaiga sauti inayosikika. "Pe" na "totoro" haziigi sauti yoyote, zinakaza hali tu, maana weupe haulii na giza halilii. Akiulizwa tanakali sauti, mwanafunzi achague mifano ya sauti; ile mingine aitumie pale anapoulizwa namna msanii anavyosisitiza.

Ukurasa wa 31 ndio mbaya kuliko yote. Kejeli, kinaya, dhihaka na tashtiti zimewekwa pamoja chini ya maelezo mamoja: "kumsema mtu kwa kinyume". Kwa maelezo hayo huwezi kuzitenga, na swali la kuzitenga linapokuja unabaki kubahatisha. Chukua kalamu ufute mstari ule, kisha uandike hivi.

Kejeli iko kwenye maneno: msemaji anasema kinyume cha anachomaanisha, na anayesikia anajua. Dereva wa bajaji kachelewa saa nzima, abiria anamwambia, "Leo umewahi sana, kaka." Igeuze sentensi uone, maana ya kweli itatokea: umechelewa.

Kinaya kiko kwenye matukio, si kwenye sentensi. Mhusika anakimbia kijiji kwa hofu ya njaa, mwaka huohuo kijiji kinavuna hadi ghala zinajaa, naye huko mjini anakufa kwa kukosa chakula. Hakuna sentensi ya kugeuza. Kilichogeuka ni matarajio ya mhusika na ya msomaji. Kwa sababu hiyo, jibu la kinaya lazima lieleze mambo mawili, kilichotarajiwa na kilichotokea. Anayenukuu mstari mmoja tu wa kitabu na kuuita kinaya huwa anapoteza alama.

Dhihaka haina kinyume. Inadunisha waziwazi: "Na wewe unajiita mwimbaji? Hata vyura wa Ruaha wanakuzidi." Ukiigeuza, unaharibu maana.

Tashtiti ina shida ya pekee, kwa sababu vitabu havikubaliani. Vingi vya shuleni hapa kwetu huitumia kwa swali ambalo muulizaji analijua jibu lake, kama mtu anayemkuta mgeni ameketi sebuleni akasema, "Aa, umekuja?" Vingine huiweka karibu na dhihaka, kwa maana ya kukosoa jamii kwa kuichekesha. Cha kufanya ni kufuata kitabu kinachotumika darasani kwenu, na kwenye jibu kutanguliza maana unayoitumia kabla ya mfano. Msahihishaji akiona maana kwanza, anajua unakokwenda.

Kosa jingine la aina hiyo liko ukurasa wa 35, ambapo ritifaa na nidaa zimeelezwa kama kitu kimoja kwa sababu zote hufuatwa na alama ya mshangao. Nidaa ni mhemko unaopasuka: "Loo! Mvua gani hii!" Hailazimiki kuwa na mtu inayemwelekea. Ritifaa lazima iwe na anayeitwa, na huyo awe amekufa au hayupo, lakini azungumzwe naye kana kwamba amesimama mbele. Mtu akifika Kalenga, lilikohifadhiwa fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tangu liliporudishwa mwaka 1954, akasema, "Ee Mkwawa, inuka uwaone wajukuu zako," hiyo ni ritifaa. Mkwawa alifariki mwaka 1898, hawezi kuitika, na nguvu ya kauli inatokana na hilo hasa.

Kurasa za 39 hadi 47 ni za fani na maudhui katika riwaya na tamthiliya. Ziko wastani. Mkanganyiko wa muundo na mtindo umeelezwa nusu nusu. Muundo ni mpangilio wa matukio: msago ukiwa wa moja kwa moja, rejea ukianzia mwisho au katikati na kurudi nyuma, na rukia visa viwili au zaidi vikipishana. Mtindo ni namna ya kusimulia: nafsi inayotumika, monolojia, dayalojia, barua, nyimbo, hadithi ndani ya hadithi. Kijitabu kinasahau kusema kwamba kwenye ushairi maneno hayohayo hubeba kazi nyingine. Muundo wa shairi ni idadi ya mistari katika ubeti, mfano tathlitha kwa mitatu au tarbia kwa minne, na mtindo ni wa kimapokeo au wa kisasa. Wanafunzi wengi huandika "msago" kwenye swali la ushairi kwa sababu hii tu.

Upungufu mkubwa wa kijitabu kizima, mkubwa kuliko ukurasa wa 31, ni kwamba kinafundisha kutaja bila kufundisha kueleza. Kila tamathali ina maana na mfano, kisha inaruka kwenda nyingine. Lakini maswali ya Kidato cha Nne na cha Sita huomba ufafanue, na kufafanua kuna hatua zake. Chukua sentensi hii: "Ukungu wa Rungwe ulikaa kikao hadi saa nne." Kwanza taja: ni tashihisi. Pili, nukuu maneno yenyewe, ukiongeza ukurasa au ubeti. Tatu, sema kitu gani kimepewa sifa na sifa hiyo ni ya nani: ukungu umepewa tendo la kukaa kikao, ambalo ni la watu. Nne, sema tamathali imefanya kazi gani hapo: inaonyesha ukungu usio na haraka, wenye mamlaka, unaowafanya wachuma chai wangoje uamuzi wake. Hatua ya nne ndiyo inayotenga jibu zuri na la kawaida, na kijitabu hakiigusi hata mara moja. Mwalimu anayekitumia darasani anaweza kuziba pengo hilo kwa kuwapa wanafunzi tamathali tatu kwa siku na kuwataka waandike hatua ya nne peke yake.

Kuna ukurasa mmoja wa mbinu za hotuba, wa 48. Umetaja swali la balagha (lisilohitaji jibu), takriri na usambamba (sentensi zenye umbo linalofanana), ukaishia hapo. Kwa wanaofanya midahalo au wanaoandaa mahubiri hautoshi, ingawa maana zilizomo ni sahihi. Kinachokosekana ni onyo kuhusu swali la balagha: likiulizwa mahali ambapo wasikilizaji wana jibu tofauti na la msemaji, linamgeuka. Uliza "Nani asiyetaka barabara ya lami?" mbele ya wenye nyumba zitakazobomolewa, na watakujibu kwa sauti.

Uchapaji sasa. Hizi ni kopi za kopi, na baadhi ya nakala zina herufi zilizofifia upande wa kulia, hasa kurasa za katikati. Tahajia inayumba, ukurasa mmoja "tashbiha", mwingine "tashibiha". Utakutana na namna zote mbili vitabuni, lakini chagua moja na uishike ndani ya karatasi moja ya majibu. Pini mbili hazidumu. Jalada huachia baada ya wiki chache za kubebwa kwenye begi, kwa hiyo ile 1,000 ya springi ina faida yake, na springi inakuruhusu kukilaza wazi mezani wakati wa kufanya zoezi la mizani.

Tukikilinganisha na zile PDF zinazozunguka kwenye WhatsApp, kijani kinashinda kwa ushairi na kwa majibu ya mazoezi. PDF nyingi ni orodha ndefu za istilahi bila hata zoezi moja. Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne, kijitabu pamoja na marekebisho tuliyoyataja kinatosha kwa sehemu ya lugha ya kifasihi. Kwa mwanafunzi wa HKL (mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, Kidato cha Tano na cha Sita) hakitoshi. Jazanda kimeipa mistari miwili tu, ishara imechanganywa na taswira, na nadharia za uhakiki hazimo kabisa. Huyo atafute kitabu kamili cha nadharia ya fasihi kwenye maktaba ya shule au ya mkoa, na kijani akiweke kwa ajili ya arudhi tu.

Kabla ya kulipa, fungua mambo matatu palepale kaunta. Hakikisha majibu ya zoezi la mizani yapo ukurasa wa 54, kwa sababu kuna nakala ambazo karatasi ya mwisho imeachwa. Angalia ukurasa wa 12 na 13 kama herufi zinasomeka hadi ukingoni, maana ndipo kuna jedwali la bahari (aina) za ushairi. Kisha hesabu kurasa za katikati, palipobanwa pini, kwani karatasi moja ikirukwa utakosa kurasa nne kwa mpigo. Wauzaji wengi wa Mwanjelwa hubadilisha nakala mbovu bila ubishi ukiwaonyesha kabla hujaondoka dukani.